Shajara ya mradi: taa ya LED ya tangi la samaki, Dodoma

Julai. Hali ilivyo

Tangi lina urefu wa sentimita 90, upana 40 na kimo 45. Mchanga na mawe yakiwa ndani, linabaki na maji kama lita 130. Wamo leleupi wa njano na jozi ya Julidochromis wenye mistari, wote wa Ziwa Tanganyika. Niliwachagua kwa sababu ya maji yetu. Dodoma tumeishi kwa maji ya visima vya Makutupora miaka na miaka, na visima vingi vinavyochimbwa majumbani vinatoa maji magumu yenye madini. Ziwa Tanganyika nalo lina maji magumu, pH yake inakaribia 9. Kwa hiyo samaki hawa wanayapokea maji ya bombani bila mimi kuhangaika kuyalainisha.

Tatizo ni mimea. Ninayo Vallisneria, ile ya majani marefu membamba. Inaota yenyewe ndani ya Tanganyika, na inastahimili maji magumu kwa sababu inaweza kuchukua kaboni kutoka kwenye bikaboneti iliyomo majini, haitegemei kaboni dayoksaidi peke yake. Kwangu imedumaa. Majani mapya yanatoka mafupi, ya zamani yanayeyuka kuanzia nchani. Maji yanaifaa, mbolea ya vidonge nimeifukia mchangani, joto liko sawa. Kilichobaki ni mwanga.

Taa iliyopo ni stripu ya LED ya volti 12, ile ile inayouzwa kwenye maduka ya sola na ya mapambo ya dari, imebandikwa chini ya mbao juu ya kioo cha kufunikia. Ukikaa kwenye kochi, tangi linang'aa vizuri tu. Lakini mmea haukai kwenye kochi, umesimama mchangani. Kwa hiyo kipimo cha mradi huu ni kimoja tu: mwanga unaofika mchangani.

Julai, katikati. Kupima kabla ya kununua

Simu nyingi zina kihisi cha mwanga karibu na kamera ya mbele, kile kinachofifisha skrini ukiingia gizani. Zipo programu za bure zinazokisoma na kukupa luksi, yaani kipimo cha mwanga unaoangukia mahali fulani. Si kipimo cha maabara, na simu mbili zinaweza kutofautiana, ila simu ileile ikiwekwa mahali palepale inatosha kabisa kulinganisha jana na leo. Nimeiweka ndani ya kopo pana la plastiki angavu lenye kifuniko cha kubana, juu yake nikaegemeza jiwe pembeni ili lisielee, nikalizamisha hadi mchangani. Binti yangu anasoma namba kupitia kioo, mimi naandika.

Luksi hufuata jicho la binadamu, na jicho letu hupendelea kijani. Mmea unahesabu mwanga wote ulio kati ya nanomita 400 na 700. Kwa LED nyeupe za Kelvini 6,500 (Kelvini hapa ni kipimo cha rangi ya mwanga), ukigawanya luksi kwa 70 unapata makadirio mazuri ya maikromoli kwa mita mraba kwa sekunde, ambacho ndicho kipimo cha watu wa mimea. Mimea isiyo na makuu huishi kwa 15 hadi 30. Vallisneria ninayotaka itambae na kuzaliana nataka ipate 30 na zaidi.

Matokeo ya stripu: katikati luksi 1,300, kwenye kona 700. Yaani maikromoli 19 na 10 hivi. Ndiyo maana imedumaa.

Nikaifuata stripu yenyewe kwa mita ya kupimia volti. Adapta inatoa volti 12.1, lakini mwisho wa stripu nimepata 11.1, kwa sababu njia za shaba ndani yake ni nyembamba na ninailisha kutoka upande mmoja. Volti moja hapo si kidogo. Katika stripu ya volti 12, LED huunganishwa tatu tatu na rezista moja. LED tatu nyeupe zinahitaji volti 9 hadi 9.6, zinazobaki zinaishia kwenye rezista kama joto tupu. Ukipunguza volti moja, unaipunguza kutoka kwenye kile kidogo kinachosukuma mkondo, na mwanga unashuka sana. Juu ya hayo, silikoni iliyofunika stripu imeshakuwa ya njano kwa unyevu, na LED zake zinatawanya mwanga kwa nyuzi 120, sehemu yake inatokea kwenye vioo vya mbele kuja sebuleni.

Stripu ni nzuri kwa kabati la vyombo. Kwa tangi la kina hiki, hapana.

Julai, mwishoni. Uamuzi

Nimeamua kutumia LED za wati 1 zilizokwishabandikwa kwenye vibati vya umbo la nyota, 24 kwa jumla, katika milolongo miwili ya 12. Kila mlolongo unaunganishwa kwa mfululizo na kulishwa na draiva ya mkondo thabiti wa miliampea 300. LED moja nyeupe hula karibu volti 3.2, mara 12 ni kama volti 38, na draiva ninazozitafuta hutoa volti 24 hadi 42. Zinaingiliana vizuri.

Tofauti kati ya draiva na adapta inafaa ieleweke mapema, maana ndipo LED nyingi zinapofia. Adapta inashika volti, mkondo unajitafutia wenyewe. LED ikipata moto, volti inazozihitaji hushuka, kwa hiyo kwa volti zilezile inavuta mkondo zaidi, inapata moto zaidi, hadi inaungua. Draiva inashika mkondo na kuziacha volti zipande au zishuke. Kwa LED za wati 1 sitatumia kitu kingine.

Rangi: katika kila mlolongo, tisa ni nyeupe za Kelvini 6,500 na tatu ni za mwanga wa njano, Kelvini 3,000. LED nyeupe kwa ndani ni ya buluu, karibu nanomita 450, iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa njano. Ni kwa kazi ya kupata LED ya buluu yenye nguvu ndipo Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, na taa zote nyeupe za LED tunazowasha leo zimetoka hapo. Umbijani wa mmea unakula sana buluu na nyekundu. Buluu LED nyeupe inayo ya kutosha, nyekundu ni haba, na zile tatu za njano zinaiongeza kidogo. Sikununua LED za zambarau zinazouzwa kama za mimea. Sitaki samaki wangu waonekane rangi ambayo si yao.

Vibati na draiva nimeagiza Kariakoo, vimekuja kwa basi. Lenzi za nyuzi 90 zimekuja humo humo.

Agosti. Alumini

Wati 1 ya LED haigeuki yote kuwa mwanga, sehemu kubwa zaidi ni joto, na joto hilo linatoka nyuma ya kibati. Lisipopata pa kwenda, LED inafifia na inakufa mapema. Nchi nyingine watu hununua mabapa ya kupoozea yenye mapezi. Dodoma tuna kitu kingine: tangu serikali ihamie, mji unajengwa usiku na mchana, na kila mtaa una fundi wa madirisha ya alumini mwenye rundo la vipande vilivyobaki.

Nimekwenda kwa fundi wa Nkuhungu aliyenitengenezea dirisha la jikoni. Nilimweleza ninataka kipande chenye ukuta mnene, kirefu kama tangi, chenye mgongo bapa.

"Mwalimu, unataka kufunga nini?"

"Taa ya samaki, fundi."

Alivuta fremu ya mlango wa kuteleza, ile nzito, akaipigapiga kwa kidole. "Chukua hii. Hizi za madirisha ni nyepesi, zitakuchomea taa zako." Anafanya kazi ya kukata na kuchomelea vyuma maisha yake yote, joto analijua kwa mikono. Aliikata sentimita 88, akalainisha ncha kwa tupa, na pesa akachukua ya kipande cha chakavu.

Nimetoboa matundu ya skrubu, nikasugua mgongo kwa msasa laini hadi rangi ikatoka, nikafuta kwa spiriti. Rangi ya fremu ni kizuizi cha joto, haifai kubaki chini ya LED.

Agosti, mwishoni. Kulehemu

Vibati vya nyota vina alumini chini, na alumini inanyonya joto la chuma cha kulehemu haraka mno. Ukivifunga kwanza kwenye fremu ndipo ulehemu, lehemu haishiki, inakaa juu kama shanga. Kwa hiyo kila kibati nilikiweka juu ya mbao kavu, nikapaka lehemu kwenye ncha zake zote, ndipo nikakifunga kwenye fremu kwa skrubu mbili ndogo na pesti nyeupe ya kupitisha joto chini yake, ile ambayo mafundi kompyuta hupaka kwenye prosesa. Pesti inatakiwa kidogo sana, ya kujaza mikwaruzo tu. Ikizidi inageuka blanketi.

Skrubu zangu ni za kichwa kidogo na nimezivika vikombe vya plastiki, kwa sababu kichwa kipana kinaweza kugusa ncha ya umeme na kuifikisha kwenye fremu yote. Baada ya kila LED nilipima kati ya ncha na fremu. Mita lazima ikae kimya.

LED zenyewe nilizijaribu moja moja kwa mita ikiwa kwenye alama ya dayodi. Nzima inawaka kwa mwanga hafifu, na papo hapo unajua upande wa chanya ni upi. Katika mfululizo, LED moja ikigeuzwa mlolongo mzima unabaki giza.

Septemba. Umeme wa ukutani na maji

Hapa sitaki mtu apite haraka. Draiva nyingi za bei rahisi hazina transfoma inayotenganisha upande wa ukutani na upande wa LED. Taa inawaka vilevile, lakini waya wa LED unakuwa umeshikamana na volti 230. Ndani ya balbu iliyofungwa plastiki hilo halimdhuru mtu. Juu ya tangi la maji ambalo unaingiza mkono kila wiki, linaua.

Namna ninavyoangalia: draiva ikiwa haijachomekwa popote, ninapima kwa mita kati ya kila waya wa kuingilia na kila waya wa kutokea, kwenye alama ya dayodi, kisha ninageuza ncha na kupima tena. Iliyotenganishwa haionyeshi njia yoyote. Mojawapo ya nilizouziwa ilionyesha njia wazi ingawa juu yake pameandikwa kinyume. Imerudi ilikotoka, nyingine imekuja, nayo nimeipima.

Mengine niliyofunga: draiva ziko ndani ya kasha la plastiki ukutani, mbali na juu ya tangi. Fremu ya alumini imeunganishwa na waya wa ethi. Soketi ya tangi inapitia kikata umeme cha miliampea 30, ambacho kinakata mara umeme unapovuja kwenda ardhini. Na kila waya unaotoka kwenye tangi kwenda soketi unashuka chini ya soketi kwanza, ndipo unapanda, ili maji yakitiririka juu ya waya yadondokee sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Haya ya mwisho hayana gharama yoyote, na bado ni nyumba chache zenye tangi ambamo nimeyaona.

Septemba, katikati. Imewaka

Mlolongo huunganishwa na draiva kwanza, ndipo draiva ichomekwe. Draiva ikiwaka bila mzigo inapandisha volti hadi kikomo chake, na ukiigusisha LED wakati huo inazipiga kwa mkupuo mmoja.

Mlolongo wa kwanza: miliampea 285, volti 37.4, yaani wati 10.7. Wa pili karibu sawa. Jumla kama wati 21 kwenye LED, 25 ukihesabu kinachopotea kwenye draiva. Kwa LED za daraja hili nakadiria lumeni 2,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa), sawa na lumeni 15 kwa lita. Watu wa mimea ya majini huhesabu 10 hadi 20 kwa lita kuwa mwanga mdogo, na mimea yangu ni ya kundi hilo na la juu yake kidogo.

Kopo la simu likashuka tena. Mchangani katikati: luksi 2,900. Kwenye kona: 1,700. Maikromoli 41 na 24. Zaidi ya maradufu ya stripu, na umeme haujaongezeka kwa kiasi hicho. Nilichofurahia zaidi ni kona. Miale ikishaingia majini inapinda kuelekea chini, na mingi ikifika kwenye kioo cha pembeni inarudishwa ndani badala ya kutoka. Lenzi zinasaidia miale ianze safari ikiwa imesimama vya kutosha kwa hilo kutokea.

Leleupi nao sasa ni njano hasa. Zile LED tatu tatu za Kelvini 3,000 zimelipa.

Oktoba. Joto

Sasa Dodoma imeanza kuwaka. Chini ya mabati yetu chumba kinagonga nyuzi 31 mchana. Nimebandika kipima joto cha waya kwenye fremu katikati, kimesoma 47. LED zinavumilia hapo, lakini kioo cha kufunikia kimekuwa cha moto na maji yamepanda hadi 28.5.

Nimeinua fremu sentimita 6 juu ya kioo kwa miguu ya akriliki ili hewa ipite chini na juu. Fremu imeshuka hadi 41. Mwanga mchangani umeshuka kutoka 2,900 hadi 2,600 katikati, kona haikubadilika sana. Nimekubali bei hiyo. Pia nafuta vumbi kwenye fremu na lenzi kila wiki, maana upepo wa miezi hii unaingiza vumbi jekundu hata dirisha likifungwa.

Joto la maji lina jambo jingine nyuma yake. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 25 yanabeba oksijeni miligramu 8 na kidogo kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba 7.5. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu, hewa ni nyepesi, ondoa tena asilimia 12 hivi. Mchana mimea inasaidia taa ikiwaka, usiku inavuta oksijeni pamoja na samaki. Alfajiri moja nimewakuta Julidochromis wakihema karibu na uso wa maji. Nimeongeza mawe mawili ya hewa, yale yenye vinyweleo yanayotoa vipovu majini, moja kila upande, na pampu yake inashikiliwa na betri ya sola umeme ukikatika.

Novemba. Mwanga unakwenda wapi?

Kipimo cha mwanzo wa mwezi: katikati 2,450. Wiki iliyofuata 2,200. Kisha 1,950. Volti zilezile, miliampea zilezile, fremu haina joto jipya. Taa inatoa kilekile, mchanga unapata kidogo zaidi kila wiki.

Rafiki yangu mwenye matangi alinishauri niongeze mlolongo wa tatu. Nilimwomba anipe muda kwanza. Kama mwanga unatoka na haufiki, kuna kitu njiani.

Nilikitoa kioo cha kufunikia na kukiinua kuelekea dirishani. Juu ya kila jiwe la hewa palikuwa na duara jeupe, nene katikati na jembamba pembeni, upana wa sahani. Ukipitisha ukucha linakwaruza. Kati ya duara moja na jingine, kioo kilikuwa na ukungu mwepesi mweupe. Kwenye ncha ya kushoto kabisa, ambako hakuna bubujiko lolote, kulikuwa na matone safi tu, ukiyafuta kioo ni angavu.

Hapo jambo lote likawa wazi. Matone yanayotokana na mvuke hayana madini, maana maji yakiwa mvuke huacha chumvi zake nyuma. Mvuke peke yake haumwagi chokaa kwenye kioo. Chokaa inarushwa. Kila kipovu kinapopasuka juu ya maji kinatupa vitone vidogo vya maji yaleyale magumu, vinagota kwenye kioo, taa inavikausha, madini yanabaki. Kila siku tabaka jipya. Maji yangekuwa laini, mtu angeweza kuishi na mawe ya hewa mwaka mzima na asione kitu. Kwa maji yetu, na kwa joto na mwinuko unaotulazimisha kuweka hewa, mambo haya mawili yanakutana kwenye kioo, kati ya taa na mmea.

Nimefuta kwa kitambaa kilicholoweshwa siki, nikakiacha juu ya maduara kwa nusu saa. Chokaa inatoa vipovu ikikutana na asidi, kisha inaachia. Ndimu nayo inafanya kazi. Wembe sikutumia, unaweza kuacha mikwaruzo ambayo chokaa hushikilia baadaye. Kioo kimesuuzwa kwa maji mengi kabla ya kurudi, siki haitakiwi kuingia kwenye tangi.

Kipimo baada ya kufuta, bila kugusa kitu kingine: 2,600. Mwanga uleule wa Oktoba. Mlolongo wa tatu ungeongeza wati 10 za umeme na joto lake, ili kupenya chokaa inayoendelea kukua.

Mabadiliko ya kudumu: mawe yote mawili yamehamia kona moja ya nyuma, nje ya mstari wa LED. Juu yake nimekata kioo na kuweka kipande cha akriliki kinachotoka peke yake, ndicho kinachopokea mirusho na ndicho ninachokisafisha. Maji nimeyashusha sentimita 2 ili vitone vichoke njiani. Mwisho wa mwezi kipimo kilikuwa 2,500, na kufuta mara moja kulikirudisha.

Novemba, mwishoni. Saa

Taima ya kwanza ilikuwa ya kuzungusha. Umeme ukikatika inasimama, ukirudi inaendelea pale ilipoishia, kwa hiyo baada ya wiki yenye kukatika-katika taa ilikuwa inazimika usiku wa manane. Nimeweka ya kielektroniki yenye betri ndani. Inasoma saa 24, kwa hiyo saa nane mchana nimeiandika 14:00 na saa tatu na nusu usiku 21:30. Saa saba na nusu za mwanga. Nilianza na tisa, mwani wa kijani ukapanda kwenye vioo haraka kuliko Vallisneria ilivyokuwa inakua. Kwa kupunguza muda umetulia. Juu ya mawe nimeuacha, ziwani mawe yana utando huo.

Kwa LUKU: wati 25 kwa saa saba na nusu ni kama uniti 5.6 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, si za kudharau, na ni sababu nyingine ya kufuta kioo kabla ya kuongeza LED.

Desemba. Hali ilivyo sasa

Vallisneria imetoa vikonyo vinavyotambaa chini ya mchanga, na miche imejitokeza upande wa mbele ambako Julai hapakuwa na jani. Majani marefu yamefika juu ya maji na kulala. Haya ninayapunguza kwa mkasi kila mara, kwa sababu yakitanda yanafanya kivuli kilekile nilichokiondoa kwenye kioo.

Mvua zimeanza. Mwezi mzima wa Novemba maji yalikuwa yanapungua kwa hewa kavu, na kujazia kwa maji ya kisima kunaongeza madini, maana yaliyokauka yaliacha yake ndani. Sasa najazia kwa maji ya mvua kutoka kwenye bati, baada ya kuacha mvua za kwanza zisafishe paa, na kila wiki nabadilisha robo ya tangi kwa maji ya bomba ili ugumu usishuke chini ya kile samaki wa Tanganyika wanachohitaji.

Lenzi mbili zimeingiwa na unyevu ndani, zitabadilishwa. LED zote 24 zinawaka.

Mkuu wa shule ameomba tangi la sentimita 60 kwa maabara ya baiolojia. Nimeshachukua kipande cha pili cha fremu kwa fundi. Patakuwa na mlolongo mmoja wa LED 12, draiva iliyopimwa, miguu ya sentimita 6, na jiwe la hewa kwenye kona ya nyuma tangu siku ya kwanza, chini ya kipande chake cha akriliki. Wanafunzi watapima luksi mchangani kila Ijumaa na kuandika wenyewe.